Mtoto Anabaki na Nani Shule Zikifungwa?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia, wiki chache kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Kina mama na kina baba, wenyeviti, waweka hazina, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango, tunawashukuru kwa kuja. Tunajua mawingu yamefunga, na kila mmoja wenu ameacha jembe ndipo afike hapa. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Leo hatutasema juu ya mikopo wala kuku. Tunataka kuuliza swali moja ambalo haliandikwi katika vitabu vya kikundi: shule zikifungwa, mtoto anabaki na nani?

Likizo hii ya mwisho wa mwaka ndiyo ndefu kuliko zote. Inaanza mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba na inakwenda mpaka Januari. Sasa angalieni huku kwetu Ukambani miezi hiyo ni ya nini. Mvua ya vuli ndiyo tunayoitegemea kwa chakula. Ikinyesha tunapanda, na mbegu zikiota tunapalilia kabla magugu hayajatushinda. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Baba naye, kama hayuko Nairobi au Mombasa kutafuta, yuko na ng'ombe wa kulimia au kwenye kibarua. Na miezi hiyo hiyo silanga zinajaa maji, maembe yanaiva mtini, majani yanarefuka na nyoka wanapata pa kujificha. Kila kitu kinachoweza kumdhuru mtoto kinakuja pamoja, wakati ambapo mikono yetu yote iko shambani.

Shule inatufanyia kazi tatu. Inafundisha, hiyo tunaijua. Lakini pia inamshika mtoto kutoka asubuhi hadi jioni, na katika shule nyingi inampa mahindi na maharagwe saa ya mchana. Ikifungwa, kazi hizi mbili zinarudi nyumbani siku moja, na hakuna anayetupigia kengele. Zamani wazazi wengine walitegemea masomo ya likizo yawashikie watoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza, na sisi hatulalamiki, maana mtoto naye ni mtu, anahitaji kupumzika. Lakini mzazi aliyekuwa ameegemea ukuta huo ameachwa bila kitu cha kuegemea, na hatujakaa pamoja tukaulizana tufanye nini.

Tuanze na kufuli.

Tunapotembelea nyumba kwa nyumba tunakuta mlango umefungwa kwa kufuli nje, na ndani tunasikia sauti za watoto. Si nyumba moja, si mbili. Na mama anayefanya hivyo si mama mbaya, tunaomba hili lieleweke. Anaogopa barabara, anaogopa silanga, anaogopa mtu mpitaji. Anaona afadhali wakae ndani mpaka arudi saa nane. Amewawekea uji, amewaachia mkebe wa kujisaidia, ameomba Mungu, ameenda.

Lakini fikirini nyumba zetu za siku hizi. Mlango ni wa chuma, na dirisha lina vyuma ili mwizi asiingie. Basi mahali ambapo mwizi hawezi kuingia, mtoto hawezi kutoka. Na ndani mnabaki nini? Kibiriti. Koroboi. Pengine makaa ya jiko ambayo bado yana moto chini ya majivu. Mtoto wa miaka minne akipata kibiriti anataka kuona kinavyowaka, hiyo ndiyo akili ya miaka minne. Godoro likishika moto moshi unajaza chumba kidogo kwa dakika chache sana. Jirani atakuja mbio, atasimama nje ya mlango wa chuma, na ufunguo uko shambani umefungwa kwenye ncha ya leso. Hata bila moto wa kuonekana, jiko la makaa likiachwa kwenye nyumba iliyofungwa linatoa hewa yenye sumu isiyonuka, na watu wanalala wasiamke.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu, na hatuulegezi: mtoto hafungiwi kwa kufuli kutoka nje, hata kwa saa moja, hata kama mama ameenda dukani tu. Anayesema hana njia nyingine, tutafika kwake baada ya kitambo kidogo, maana njia iko.

Kuna wale wasiofunga mlango lakini wanamwachia msichana mkubwa. Mkubwa wa miaka mingapi? Tisa. Mnacheka, lakini ni kweli. Amebebeshwa mtoto mgongoni, wawili wengine wanamfuata, na anatakiwa apike. Jiulizeni kama mtoto wa miaka tisa anaweza kuepua sufuria ya lita tano ya uji unaochemka juu ya mafiga matatu akiwa na mtoto mgongoni. Hata mtu mzima anaomba asaidiwe. Na huyo wa mgongoni akiungua, mnajua atakayechapwa.

Watu hutuuliza ni umri gani unaofaa. Sisi kwa maoni yetu tunasema hivi. Aliye chini ya miaka saba asikae hata kidogo bila mtu mzima anayemwona. Kuanzia miaka saba hadi kumi na mmoja anaweza kubaki kwa muda mfupi mchana, ikiwa kuna mtu mzima ambaye akipaza sauti atamsikia, na asiachiwe moto wala mtoto mchanga. Wa miaka kumi na mbili na zaidi inategemea na mtoto mwenyewe, maana mnawajua wenu. Lakini usiku ni usiku. Kuna wazazi wanaoenda matanga wakalala huko, watoto wakabaki peke yao. Hilo hatuwezi kulikubali kwa umri wowote wa shule ya msingi.

Sasa maji. Tunasikitika kwamba jambo hili tunalichukua kama bahati mbaya. Mtoto akizama katika silanga tunasema siku yake ilikuwa imefika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wadogo namna hiyo hawaendi kuogelea. Wanaanguka. Na mtoto mdogo anayezama hapigi kelele kama mnavyofikiri. Kichwa kinaingia, kinywa kimejaa maji, kimya. Mtu anaweza kuwa anapalilia hatua hamsini kutoka hapo na asisikie lolote. Wala si lazima maji yawe mengi. Karai la kufulia lililoachwa na maji linatosha kwa mtoto anayetambaa, kwa sababu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama hawezi kujiinua.

Basi pipa la maji ya mvua lifunikwe, na mfuniko uwekewe jiwe zito. Karai na ndoo zimwagwe zikiisha kazi. Silanga izungushiwe ua wa miiba pande zote, kuachwe njia moja tu ya kuteka. Miiba hainunuliwi, iko hapa tele, kazi ni ya asubuhi moja kwa watu kumi. Tunajua vikundi vilivyochimba silanga kwa jasho kubwa, wakapiga picha na wafadhili, na mpaka leo hakuna mwiba hata mmoja.

Na mito yetu ya mchanga, hiyo ni hatari ya namna mbili. Wakati wa kiangazi tunachimba mashimo kutafuta maji, na watoto wanaingia kucheza ndani. Ukingo wa mchanga ukikatika unamfunika mtoto kabla hajageuka, na mahali palipochotwa mchanga wa kujengea mashimo ni marefu zaidi. Wakati wa mvua, mto unaweza kushuka kwa ghafla kutoka milimani na huku chini hata tone halijanyesha. Jua linawaka, watoto wako katikati ya mchanga, na maji yanakuja kama ukuta. Waambieni hivyo kwa maneno hayo hayo. Msiwaambie tu kuna jini mtoni. Mtoto akigundua hakuna jini atafikiri hakuna hatari pia.

Kuhusu sumu tutasema kwa kifupi kwa sababu mhudumu wa afya ya jamii atawafundisha vizuri zaidi kuliko sisi. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Wala dawa ya kupe, wala dawa ya kunyunyizia maembe. Mtoto anajua chupa ya soda ni ya kitu kitamu, wewe ndiye uliyemfundisha. Akiwa amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, usimpe maziwa. Mafuta yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo kifo kilipo. Mpeleke hospitali mbio pamoja na ile chupa. Na aliyeungua, mwagieni maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini. Si unga, si yai, si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe asitembee, abebwe kwenda hospitali. Aliyeumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika kumi na tano, halafu akapate sindano za kuzuia kichaa cha mbwa hata kama kidonda ni kidogo.

Tumefika mahali pagumu. Tungeweza kuparuka, na pengine kuna wazee hapa ambao wangependelea hivyo, lakini tungekuwa tumewadanganya.

Mtoto aliyeachwa peke yake anaonekana. Kuna mtu anayejua mama ataondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Utafiti wa taifa letu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu msichana 1 kati ya 3 alitendewa ukatili wa kimapenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha namba imeshuka, tunamshukuru Mungu, lakini bado ilikuwa karibu 1 kati ya 6. Wavulana pia wamo, nao husema kidogo zaidi. Na mara nyingi anayefanya hivyo si mpitaji. Ni mtu anayejulikana kwa mtoto: jirani, binamu, kijana wa kuchunga, rafiki wa kaka, mwenye pikipiki anayempa lifti. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa mengi yakakaa nyumbani mpaka Januari 2021, mliona wenyewe wasichana ambao hawakurudi darasani.

Kwa hivyo mtoto afundishwe majina ya mwili wake bila aibu, na aambiwe kwamba hakuna siri ya mwili ambayo mtu mzima anaweza kumwomba aifiche kwa mama. Na siku akikuambia, usimpige. Tunarudia, usimpige. Ukimpiga leo, hatakuambia tena kamwe. Usimwogeshe, usifue nguo zake, zifunge kwenye karatasi, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu zake. Kisha polisi. Ukikwama popote, piga 116, ni simu ya watoto, haina malipo, inapokelewa mchana na usiku. Kuhusu wazee wanaokaa chini ya mti wakatoza mbuzi wawili na kusema mambo yameisha, tunasema kwa heshima ya mvi zao: hiyo si kesi yenu. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006. Mbuzi huyo mtoto hamli.

Sasa ile njia tuliyoahidi.

Nyinyi wote mko kwenye merigoraundi. Kila wiki mnatoa kitu, na kila wiki mmoja anapokea. Hakuna aliyewafundisha chuoni, mnajua kuhesabu zamu na mnajua kumwaminia mwenzako pesa. Tunachoomba ni kwamba zamu hiyo izunguke na watoto pia. Si kikundi kizima cha watu ishirini na watano, hapana, nyumba zitakuwa mbali. Gawanyikeni nyumba nne au tano zinazosikiana sauti. Siku za kupanda na kupalilia, na siku za soko, watoto wadogo wa nyumba hizo wanakusanyika boma moja, na watu wazima wawili wanabaki nao. Wengine wote wanaenda shambani wakiwa na roho tulivu. Kesho yake zamu inahama. Mkiwa nyumba tano zenye watu wazima wawili wawili, mtu anakaa nyumbani siku moja tu katika tano. Mlinganishe hiyo na mama anayeacha palizi kila saa moja kukimbia kuangalia kama watoto wako salama.

Tumewahi kuleta wazo hili kwa vikundi kadha, na tunajua mtakayosema.

Mtasema chakula. Nani atalisha watoto kumi na mbili? Jibu, kila mtoto anakuja na chake. Kikombe cha mahindi na nusu kikombe cha maharagwe, au muthokoi, kinatiwa kwenye sufuria moja. Kuna kikundi kimoja kilivunjika kwa sababu mmoja alikuwa analeta mahindi yaliyotobolewa na wadudu. Basi andikeni kwenye kitabu ni nini kinacholetwa na kinapimwa kwa kikombe gani. Mambo madogo ndiyo yanayovunja kikundi, makubwa huwa tunayavumilia.

Mtasema, je, mtoto wa mwenzangu akivunjika mkono kwangu? Hili ndilo zito, na wengi hawalisemi kwa mdomo. Mtu anaogopa kuambiwa ana jicho baya, au kwamba amelipiza kisasi cha shamba. Kwa hivyo kabla ya kuanza, kaeni nyinyi wa nyumba tano, mke na mume, mkubaliane mbele ya mwenyekiti: mtoto akiumia, anapelekwa kituo cha afya mara moja bila kungoja mzazi, gharama inatoka mfuko wa kikundi, na hakuna lawama isipokuwa ikionekana wa zamu hawakuwepo. Andikeni, mtie sahihi au kidole. Na kama kuna nyumba mbili ambazo hazisalimiani, msizilazimishe kwenye kundi moja kwa sababu ya jina la ushirika.

Mtasema, tutajuaje wa zamu ni mtu mwema? Ndiyo maana tumesema wawili, wasiotoka nyumba moja, na watoto wako nje kivulini mahali ambapo mpita njia anawaona. Hakuna mtoto anayeitwa ndani peke yake na mtu mzima. Kanuni ni ile ile kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa katekista na kwa mzee wa kanisa, na kwetu sisi tukija kutembelea.

Halafu kuna nyanya. Kila mara vikundi hutuambia, sisi hatuna shida, nyanya yuko. Nyanya ana miaka sabini na mgongo unamuuma. Anaweza kuketi na watoto na kuwasimulia hadithi, na hilo watoto wanalihitaji, lakini hawezi kumkimbilia wa miaka mitatu anayeelekea kwenye silanga. Awe mmoja wa wale wawili, na wa pili awe na miguu. Na msimtumie bure, mpalilieni mistari yake.

Kina baba, mmekaa kimya sana. Kwenye karatasi za zamu tulizowahi kuonyeshwa, majina yote ni ya kina mama. Mvua inawanyeshea wote. Baba ambaye anaweza kukaa saa tatu sokoni akicheza drafti anaweza kukaa saa tatu chini ya mwembe akiangalia watoto wasipande matawi membamba.

Basi tukubaliane mambo ya karibu. Kila kikundi kilicho na silanga kitapanga asubuhi moja ya kuweka miiba, na tunaomba iwe kabla ya mvua kubwa, si baada. Kila kikundi kilete orodha ya nyumba tano tano, pamoja na majina na umri wa watoto, kwa katibu wa maendeleo wa parokia Jumapili mbili kabla ya shule kufungwa. Namba ya simu ya mhudumu wa afya wa kijiji chenu na ile 116 ziandikwe kwa makaa ukutani, chini, mahali mtoto anapofikia kwa macho, na simu moja ibaki kwenye boma la zamu ikiwa na chaji. Karatasi za mfano wa zamu ziko pale mezani, chukueni moja kwa kila kikundi.

Sasa maswali. Tuanze na yule mama mwenye leso ya kijani, amenyoosha mkono tangu tulipotaja kufuli.